Baiskeli ya gia ya mtumba: anza na fremu, na iwe ya chuma

Jumamosi iliyopita, dakika chache baada ya kipindi cha asubuhi kumalizika, simu ya studio iliita. Alikuwa mzee mmoja anayetusikiliza kutoka vijiji vya milimani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaingia moja kwa moja kwenye shida yake.

"Mwanangu, niliuza magunia mawili ya viazi nikamnunulia binti yangu baiskeli ya gia ya kwendea shule. Miezi mitatu tu, fremu imekatika. Fundi ameichomelea mara mbili, na mara mbili imekatika palepale. Sasa anatembea kilomita 9 kwenda na 9 kurudi. Mimi nilikosea wapi?"

Nilimuuliza swali moja: fremu ni ya chuma au ya alumini?

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni nyeusi."

Sikucheka, kwa sababu na mimi niliponunua baiskeli yangu ya kwanza ya gia niliangalia rangi tu. Binti hakuumia, tunamshukuru Mungu. Lakini swali la mzee ni la wengi. Kila mnada una baiskeli za mtumba zenye gia, zimepangwa zinang'aa, na anayenunua kwa mara ya kwanza hajui aangalie nini. Makala hii ni kwa ajili yake. Ukishaisoma, ihifadhi kwenye simu uende nayo mnadani.

Kwa nini tuanze na fremu

Fremu ni yale mabomba yaliyounganishwa ambayo vitu vingine vyote hufungwa juu yake: magurudumu, usukani, kiti, pedeli na breki. Tairi likiisha utanunua jingine. Cheni ikikatika utaiunga. Gia zikigoma unaweza hata kuzitoa ukabaki na gia moja. Fremu ikikatika, huna baiskeli.

Pamoja na hayo, muuzaji atakuonyesha gia 21, shokapu na rangi. Mwache aonyeshe. Wewe inama uangalie mabomba.

Kwa msikilizaji wetu wa kijijini anayeanza, ushauri ni huu: chukua fremu ya chuma, yenye shokapu mbele tu au isiyo na shokapu kabisa, na nyuma iwe imeunganishwa moja kwa moja bila springi. Nitaeleza sababu moja moja.

Chuma na alumini

Alumini ni nyepesi. Kipande cha chuma kina uzito wa karibu mara 3 ya kipande cha alumini cha ukubwa uleule. Lakini alumini hupinda kirahisi kuliko chuma, ndiyo maana viwanda huitengenezea mabomba manene kwa kipenyo. Ukiona baiskeli ya mabomba mapana kama mkono wa mtoto, mara nyingi hiyo ni alumini. Fremu ya chuma huwa na mabomba membamba zaidi.

Tofauti kubwa inaonekana fremu inapochoka. Chuma kina kiwango fulani cha mtikisiko ambacho kisipozidishwa, fremu inaweza kukivumilia miaka na miaka. Alumini haina kiwango hicho. Kila shimo la barabarani linapunguza maisha yake kidogo, hata kama huoni. Fremu nzuri ya alumini iliyotengenezwa vizuri inadumu muda mrefu, nisije nikaisingizia. Tatizo la mtumba ni kwamba hujui imeshapita mashimo mangapi kabla ya kukufikia.

Tofauti ya pili ni fundi. Kuchomelea alumini kunahitaji mashine maalumu na gesi ya argoni. Na hata fundi akiwa navyo, joto la kuchomelea hulegeza alumini ya pembeni mwa kiungo. Viwandani, aina nyingi za fremu za alumini huingizwa kwenye tanuri baada ya kuchomelewa ili zirudishe nguvu yake. Kijijini hatuna tanuri hilo. Ndiyo maana fremu ya yule binti ilikatika tena palepale. Huenda fundi alijitahidi kadiri alivyoweza, ila chombo hakikuwa cha kazi ile.

Chuma kinatibika. Fundi mwenye gesi na kijiti cha brasi anaweza kuunga bomba la chuma likarudi kazini. Kikipinda kidogo upande wa nyuma, fundi mzoefu anaweza kukinyoosha. Na mara nyingi chuma hutoa taarifa kabla ya kukatika: rangi inapasuka, mstari mwembamba wa kutu unaonekana, baiskeli inaanza kulia unapokanyaga pedeli. Ukiwa msikivu, unapata muda wa kuiwahi.

Ubaya wa chuma ni uzito na kutu. Baiskeli ya kawaida ya aina hii ina kilo 15 hivi, na nyingine huzidi. Kwenye mlima utausikia uzito huo. Kutu tutaizungumzia mbele.

Kwa nini nyuma isiwe na springi

Baiskeli yenye springi katikati, ile ambayo nyuma inanesa ukikaa, inavutia sana macho. Vijana wengi huipenda. Lakini fikiria unaitumia kwa kazi gani.

Kwanza, springi ya nyuma inakaa kwenye viungio vyenye bushi au beringi. Vumbi na tope letu huvila, nyuma inaanza kucheza, na bushi zake hazipatikani dukani kwetu. Pili, za bei nafuu hunesa kila unapokanyaga pedeli, kwa hiyo sehemu ya nguvu zako inaishia kwenye springi badala ya kukupandisha mlima. Tatu, haina mahali pazuri pa kufunga keria. Na baiskeli isiyo na keria kijijini itabeba nini?

Nyuma ikiwa imeunganishwa moja kwa moja, keria ya chuma inafungwa kwenye fremu na miguu yake inashuka hadi karibu na ekseli. Mzigo unakaa juu ya gurudumu. Angalia kama fremu ina matundu madogo yenye nyuzi za bolti karibu na ekseli ya nyuma na chini ya kiti. Hayo ni ya keria. Keria ile inayobana bomba la kiti peke yake si ya gunia. Nyingi zimeandikwa kilo 10 au chini ya hapo.

Zilianzaje?

Baiskeli hizi za milimani zina historia ambayo inafanana na maisha yetu kuliko unavyodhani. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, jimbo la California nchini Marekani, walikuwa wakishindana kushuka barabara za vumbi za milimani. Hawakuwa na baiskeli maalumu. Walitumia baiskeli kuukuu za chuma za miaka ya 1930 na 1940, hasa za Schwinn, walizozipata kwa bei ndogo. Hakuna springi, breki ni ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume.

Njia yao moja iliitwa Repack, na mashindano ya kwanza hapo yalifanyika mwaka 1976. Jina lilitokana na breki: zilipata joto kali kiasi kwamba grisi iliungua, na baada ya kila mteremko ilibidi zifunguliwe na kupakwa grisi upya. Mwaka 1977 Joe Breeze, mmoja wao, alianza kujenga fremu mpya kwa ajili ya njia hizo, na alichagua chuma.

Karibu na kwetu kuna mfano mwingine. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilitengeneza baiskeli iitwayo Buffalo kwa ajili ya barabara za vijijini Afrika. Imefika Kenya, Zambia, Malawi na kwingineko, na wanafunzi ni miongoni mwa wanaoitumia. Keria yake imeundwa kubeba kilo 100. Fremu yake ni ya chuma na nyuma haina springi.

Jinsi ya kuitambua: sumaku

Nilikwenda kwa fundi wetu wa baiskeli hapa mjini, mzee aliyeanza kazi kabla sijazaliwa. Nilimuuliza anatambuaje chuma na alumini kwenye fremu iliyopakwa rangi. Akavuta droo akatoa sumaku nyeusi ya duara.

"Hii nimeitoa kwenye spika ya redio mbovu," akaniambia. "Unaona, mwanangu? Redio zenu zikifa bado zina faida."

Sumaku ikinata kwenye bomba, ni chuma. Isiponata, ni alumini au kitu kingine kisichotibika kwa fundi wa kawaida. Ijaribu katikati ya bomba, si kwenye bolti, kwa maana bolti nyingi ni za chuma hata kwenye baiskeli ya alumini. Pima mabomba yote, mbele na nyuma. Usipime foki ya mbele peke yake ukaridhika, kwani foki ya chuma huweza kufungwa kwenye fremu ya alumini.

Vyuma navyo havilingani

Kwenye bomba la kiti au la chini mara nyingi kuna stika ndogo. Ikiandikwa "Hi-Ten", ni chuma cha kawaida: kizito, cha bei nafuu, na mabomba yake huwa na kuta nene. Ikiandikwa "Cro-Mo", "Chromoly" au "4130", ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Kina nguvu zaidi, kwa hiyo kiwanda huweza kutumia mabomba yenye kuta nyembamba, na fremu inakuwa nyepesi. Majina kama Reynolds, Tange na Columbus ni ya watengenezaji wa mabomba wanaojulikana, na wengi wanaoziuza mnadani hawajui hilo. Ukiipata fremu ya namna hiyo ikiwa nzima, una bahati.

Lakini usidhani kizuri zaidi ndicho kinachokufaa wewe. Mabomba mengi ya kromoli ni manene kwenye ncha na membamba katikati, pengine ukuta wake haufiki milimita 1. Fundi anayechomelea kwa umeme na vijiti vya geti la nyumba anaweza kulitoboa. Kama fundi wako ana umeme tu na hana gesi, chuma cha kawaida chenye kuta nene kinaweza kukufaa zaidi. Muulize fundi kabla ya kununua, si baada.

Pima kimo chako

Fremu kubwa haimfai mtu mfupi hata kama ni ya dhahabu. Simama katikati, fremu iwe kati ya miguu yako, nyayo zote mbili zikanyage chini. Kati ya bomba la juu na mwili wako pabaki nafasi ya sentimita 5 hivi, yaani vidole vitatu vya mtu mzima. Isipobaki, siku utakayoruka chini ghafla mteremkoni utajuta.

Kama kuna namba ya fremu kwa inchi, kwa makadirio mtu mwenye kimo cha sentimita 160 hadi 170 hufaa fremu ya inchi 15 hadi 17, na wa sentimita 170 hadi 180 hufaa ya inchi 17 hadi 19. Kipimo cha kusimama juu yake ndicho cha mwisho, kwa sababu viwanda havipimi sawa.

Kwa binti anayevaa sketi ya shule, tafuta fremu ambayo bomba la juu limeinama sana kuelekea kwenye kiti. Na usimnunulie mtoto fremu kubwa kwa kusema "atakua". Baiskeli si sweta.

Kwa urefu wa kiti, kaa juu yake na uweke kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Bomba la kiti lina alama ya mwisho wa kulivuta. Ikibidi uivuke, fremu ni ndogo kwako. Ukiivuka, bomba la kiti linaweza kuvunja fremu.

Kagua kabla ya kutoa pesa

Chukua kitambaa, futa vumbi, na uangalie baiskeli kwenye mwanga wa mchana. Muuzaji anayekuharakisha, mwache.

1. Angalia chini ya bomba la chini, karibu na linapoungana na bomba fupi la mbele linaloshika foki. Pitisha kidole. Ukisikia uvimbe au mkunjo, baiskeli iligonga kitu kwa mbele.

2. Angalia viungo vyote, hasa pale mabomba yanapokutana karibu na pedeli, chini ya kiti, na pale ekseli ya nyuma inapoingia. Mstari mwembamba kwenye rangi, wenye kutu, huenda ni ufa.

3. Ona kama sehemu moja ina rangi mpya kuliko nyingine. Muulize muuzaji kwa nini.

4. Toa bomba la kiti. Likiwa limegoma kutoka, punguza bei au achana nayo. Likitoka, mulika ndani kwa tochi ya simu. Kutu ya juujuu si tatizo. Kutu inayobanduka vipande vipande ni mbaya. Igeuze fremu uone kama inamwaga maji au unga wa kutu.

5. Pima kwa uzi. Funga uzi kwenye kile chuma kinachoshika ekseli ya nyuma upande wa kushoto, upeleke ukazunguke bomba fupi la mbele, uurudishe hadi upande wa kulia. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3 hivi, fremu imepinda.

6. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Shokapu ikicheza kwa kugonga, imechoka. Foki ya kawaida ya chuma isiyo na springi ni bora kuliko shokapu mbovu. Na foki iliyopasuka usiichomelee, badilisha. Foki ikikatika, unaanguka kwa uso.

Angalia na spea

Hapa ndipo wengi hunaswa. Kuna matairi mawili yanayoitwa 26 na hayaingiliani. Baiskeli nyingi za mtumba za mjini kutoka Japani hutumia tairi jembamba lenye alama ya 590. Baiskeli nyingi za milimani za miaka iliyopita hutumia 26 yenye alama ya 559. Halikadhalika 28: Phoenix tulizozizoea hutumia 635, lakini 28 za mtumba kutoka Ulaya mara nyingi ni 622. Alama hizo zimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 54-559. Zisome, kisha uulize duka la karibu na kwako kama tairi hilo lipo, kabla hujalipa.

Tazama pia sikio linaloshika mashine ya gia ya nyuma. Kwenye fremu nyingi za chuma za zamani, sikio hilo ni sehemu ya fremu yenyewe. Likipinda, fundi analinyoosha. Kwenye fremu za alumini sikio hufungwa kwa bolti, na kila kiwanda kina umbo lake. Likivunjika, kulipata la kulingana ni kazi.

Mwisho, breki. Fremu yenye vishikizo vya breki za mpira zinazobana rimu inafaa kijijini, kwa sababu mpira wake na waya hupatikana. Breki za diski zenye mafuta zina nguvu, lakini zinahitaji vifaa ambavyo fundi wengi hawana.

Ukishainunua

Siku ya kwanza, toa bomba la kiti, lipake grisi, lirudishe. Lenga matone ya oili safi ndani ya mabomba kupitia tundu hilo, geuza fremu huku na huku ili oili itambae. Rangi ikichubuka, sugua kutu kwa msasa na upake rangi yoyote uliyo nayo. Baada ya kuvuka mto au kunyeshewa, igeuze kichwa chini miguu juu ili maji yatoke. Kila mwezi futa viungo na utafute nyufa.

Nikarudi kwa yule mzee. Nilimwambia asiitupe baiskeli ya binti. Magurudumu, breki, usukani na kiti vyake bado ni vizima. Anachohitaji ni fremu ya chuma tu, hata isiyo na tairi, ambayo kwa kawaida ni nafuu kuliko baiskeli nzima. Aende na gurudumu na bomba la kiti mkononi, ajaribu kama vinaingia, kwa kuwa unene wa bomba la kiti hutofautiana. Ekseli ya pedeli fundi atampimia.

"Na sumaku?" akaniuliza.

Nikamwambia atafute redio mbovu.

"Ninayo," akasema. "Ila ile nzima siigusi, mpaka nisikie kipindi chenu cha Jumamosi."

Mnada wao ni Jumatano. Nawe kama unakwenda kununua, usiende peke yako: mchukue fundi, mlipe hata nauli na soda. Itakuwa nafuu kuliko kununua mara mbili. Safari njema.